Kuazima Drili

Kwa wiki tatu mapazia ya mama yalishikiliwa na misumari na kipande cha kamba ya manila. Nilipofika Awasi Ijumaa moja jioni, nikauliza kwa nini fundi hajaja kufunga vile vyuma vya pazia nilivyotuma kutoka Kisumu. Bado vilikuwa nyuma ya mlango, na karatasi yake.

"Nilimwambia mara moja," mama akasema. "Mtu haombi mara mbili, nyathina."

Si pesa iliyokuwa shida. Fundi wetu anakaa nyumba ya nne kutoka kwetu na anatoza shilingi 50 kwa kila tundu. Vyuma vitatu, kila kimoja na vishikio viwili, kila kishikio na skrubu mbili: matundu 12, shilingi 600. Shida ni kwamba drili yake ni ya waya. Stima ikipotea, anangoja. Stima ikirudi, wateja wa kule barabarani, wenye maduka, ndio wanaomwita kwanza. Mama ni jirani, basi mama anaweza kungoja. Ujirani una bei yake, na mara nyingi bei hiyo inalipwa na mtu mpole.

Hapo ndipo nikaamua: nitanunua drili ya betri, mambo ya kubembeleza mtu yaishe.

Jumatatu nilizunguka maduka ya vifaa Kisumu hadi miguu ikauma. Kama nawe unatafuta drili ya bei nafuu, ya kutumia mara chache nyumbani, haya ndiyo niliyojifunza. Usidanganywe na namba. Niliona betri ndogo kama sabuni ya kipande imeandikwa 48V. Seli moja ya lithiamu ya kawaida ina volti kama 3.6, kwa hiyo 48V inahitaji seli 13 zilizounganishwa kwa mstari. Hazitoshi mle ndani. Nyingi zinazosifiwa kuwa za 20V zina seli tano, yaani 18V, na 20 ni kipimo cha betri ikiwa imejaa tu. Kwa mbao, 12V inakutosha. Kwa ukuta wa mawe au saruji, tafuta ile yenye uwezo wa kugonga huku ikizunguka, la sivyo utasukuma mpaka biti iwe nyekundu. Uliza kama betri ya pili inauzwa peke yake. Drili ambayo betri yake haipatikani tena ni kizito cha kuzuia mlango.

Niliyoichagua ilikuwa shilingi 4,500. Nikiwa kwenye matatu nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kulipa. Kwa matundu 12 kila mwaka, ingenichukua zaidi ya miaka saba kuirudisha hiyo pesa, na sina hakika betri itafika huko. Kihesabu, nilikuwa nimepigwa.

Theodore Levitt, aliyefundisha biashara Harvard, alipenda kurudia wazo kwamba mtu anayenunua drili hataki drili, anataka tundu. Wazo zuri, lakini kwangu halikufika mwisho. Mimi hata tundu sikulitaka sana. Nilitaka mama yangu asiombe. Nilikuwa nimelipa 4,500 ili asimame mbele ya jirani bila kuhitaji kitu chochote kutoka kwake.

Je, hilo ni jambo jema la kumnunulia mtu?

Tusikimbilie kusema hapana. Kuna watu wanaopenda kuimba sifa za ujirani wa zamani, na wengi wao si wale waliokuwa wakingoja mlangoni. Kuomba kunachosha. Anayekupa leo anaweza kukutajia kesho, mbele ya watu. Mjane au mwanamke anayeishi peke yake anajua vile "nitakuja kesho" inaweza kuwa njia ya kumwonyesha nafasi yake. Wahenga hawakutuficha: nguo ya kuazima haisitiri matako. Na Aristotle, alipomchora mtu mwenye moyo mkuu, alisema mtu huyo hupenda kutenda wema lakini huona aibu kutendewa, kwa kuwa anayetoa yuko juu na anayepokea yuko chini.

Sisi wa ploti za mjini tumejenga maisha yetu yote juu ya aibu hiyo. Chumvi ikiisha saa tatu usiku, hatubishi hodi mlango wa pili, tunaenda kioski tunalipa kwa M-Pesa. Uzuri wa kulipa ni kwamba hakuna deni linalobaki. Ubaya wake ni huo huo. Nimekaa kwenye ploti moja miaka miwili na siwezi kukuambia jina la mtu ambaye ukuta wake ndio ukuta wangu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Awasi na drili. Nilikuwa kwenye tundu la saba, vumbi la ukuta limenijaa usoni, fundi alipotokea mlangoni. Alikuwa amesikia mlio. Sitakudanganya, nilijisikia kama mtu aliyefumaniwa. Ile 600 ilikuwa yake.

Aliichukua mkononi, akaigeuza, akabonyeza mara mbili. "Omera, umenunua pesa ngapi?"

Nikamwambia. Halafu, juu ya ile hatia, nikasema maneno ambayo sikuwa nimeyapanga: "Fundi, kaa nayo wewe. Stima ikipotea utaendelea na kazi."

Akacheka. "Hii ni ya nyumba. Kwangu itakufa kabla mwezi haujaisha." Akamrudishia mama, si mimi. "Iweke, mama. Siku stima ikipotea na nina tundu mbili tatu za kumaliza, nitakuja kuiomba."

Mama aliipokea kwa mikono miwili. "Kuja tu," akasema. "Hata mara kumi."

Yule aliyesema mtu haombi mara mbili!

Nimeifikiria sana hiyo "hata mara kumi". Nilidhani aibu ya kuomba huondolewa kwa kutoomba. Kumbe inaondoka mtu anapoombwa pia. Kilichomuumiza mama si kwamba alihitaji fundi. Ni kwamba miaka yote fundi hakuwahi kuhitaji kitu chake. Aristotle aliona juu na chini, lakini ngazi ikiwa na watu wanaopanda na kushuka kila wiki, nani atakumbuka aliye juu? Lugha yetu ililijua hili zamani. Neno kuazima ni kuchukua cha mwenzio kwa muda, na kuazima pia ni kumpa mwenzio chako kwa muda. Kitenzi kimoja, njia mbili. Anayesikia anajua upande kwa kutazama mkono wa nani umenyooshwa.

Najua vitu vya kuazimwa huvunjika. Maktaba ya umma ya Berkeley, California, imekuwa ikiazimisha vifaa vya kazi tangu 1979, na hata wao wana tarehe ya kurudisha. Mama naye ana sheria yake. Kijana mmoja alipokuja kuiomba akatoboe ukuta wa duka, alimwambia amtafute fundi kwanza, drili itakuja naye. Hivyo 50 ya fundi haikupotea, na biti haikurudi imekatika.

Basi ukiuliza ununue ipi, sasa nina jibu moja la kuongeza juu ya volti na betri: nunua ile ambayo ukiiazima roho haitakuuma. Isiwe ghali hadi uifungie kabatini kama cheti cha shule, wala isiwe takataka ya kumwaibisha mwenzio mikononi. Isitoshe, betri ya lithiamu ikilala tupu miezi mingi inaweza kufa kabisa. Inapenda kutumika.

Mwezi jana nilienda nyumbani na rafu ya kufunga jikoni. Nikafungua kabati, drili haiko.

"Imeenda kwa fundi," mama akasema, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria. "Stima ilipotea jana. Ngoja, ataileta."

Nikangoja.