Mkono Unauza, Mdomo Unasifu

Mkurugenzi anapouza hisa za kampuni anayoiongoza, wawekezaji wadogo hushtuka: huyu amejua nini? Mara nyingi hajajua lolote. Ana kodi ya kulipa, nyumba ya kujenga, au anaogopa kuacha mali yake yote kwenye kampuni moja. Josef Lakonishok na Inmoo Lee, katika utafiti wao wa mwaka 2001 kuhusu masoko ya Marekani, waliona kwamba wakubwa wa kampuni wanaponunua hisa, hilo hudokeza mwelekeo wa bei. Wanapouza, halidokezi kitu cha maana. Kuuza peke yake, basi, si dhambi wala si utabiri. Linalonisumbua ni jingine: anayeuza huku akiijua hali ya ndani, anadaiwa nini na anayenunua?

Chukua mfano mmoja. Tarehe 26 Septemba mwaka huohuo wa 2001, Kenneth Lay, mkuu wa kampuni ya nishati ya Marekani, Enron, aliwaambia wafanyakazi wake kwamba hisa za kampuni zilikuwa rahisi ajabu, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akizinunua. Kununua alinunua kweli, za dola milioni 4 hivi katika miezi miwili. Alichonyamazia, kwa mujibu wa mashtaka ya serikali, ni kwamba katika miezi hiyohiyo aliiuzia kampuni yenyewe hisa za dola milioni 24, na kanuni za wakati ule ziliruhusu mauzo ya namna hiyo yatangazwe baada ya mwaka kwisha. Tarehe 2 Desemba Enron ikafilisika, na akiba za uzeeni za maelfu ya wafanyakazi, zilizojaa hisa hizo, zikapotea.

Watetezi wake walisema alibanwa na madeni. Nakubali, lakini deni linaeleza kwa nini mtu auze, halielezi kwa nini awahimize wenzake wanunue. Wengine husema mnunuzi ni mtu mzima na soko lina hatari zake. Waislamu wanakijua kisa cha Mtume Muhammad alipotia mkono kwenye rundo la chakula sokoni, akakuta chini pamelowa. Mwenye mali alisema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua, wala kwa kuuza. Aliulizwa kwa nini kilicholowa hakukiweka juu, watu wakakiona. Hatari ya soko ni mvua hiyo, inamnyea kila mtu. Kufunika ni kazi ya mtu mmoja, kwa makusudi.

Tangu 2002 sheria ya Marekani inawataka wakubwa wa kampuni watangaze mauzo yao ndani ya siku 2 za kazi. Ni hatua njema, ila fomu ya tangazo hilo haimlazimishi muuzaji kueleza sababu yake. Mwekezaji mdogo aisome sambamba na hotuba za aliyeuza, naye muuzaji aseme wazi, siku ileile, kwa nini ameuza.