Mtarudi Lini?

Somo: Matendo ya Mitume 9:36–42



Leo naanza kwa kuungama. Jumapili moja baada ya ibada tulitoka hapa Kondele tukaenda Hospitali ya Jaramogi, ile ambayo wazee wetu bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Warusi. Tulikuwa watu 12. Tulibeba mkate, maziwa na sabuni. Tukaimba, tukaombea wagonjwa, na nje getini tukapiga picha. Wakati tunatoka wodini, mama mmoja aliyekuwa akimuuguza bintiye alinishika mkono. "Pasta, mtarudi lini?"

Nikamjibu mbio mbio, "Wiki ijayo, mama."

Wiki ijayo kulikuwa na semina. Iliyofuata, kikao cha bajeti. Niliporudi, wiki sita zilikuwa zimeisha na kitanda kile kilikuwa na mtu mwingine. Mpaka leo sijui mama yule na bintiye waliishia wapi.

Hakuna aliyenilaumu. Ripoti yetu ilisema huduma imefanyika. Lakini mama yule hakuhitaji ripoti. Alihitaji mtu wa kukaa na binti nusu saa siku ya Jumanne, ili yeye aoge na kufua nguo.

Sasa tumwangalie Tabitha, yule dada wa Yafa. Alipokufa, wajane hawakumwonyesha Petro picha. Walimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Mnaojua cherehani mnanielewa: rundo la nguo halishonwi siku moja. Kila vazi ni siku ambayo Tabitha aliketi akafanya kazi, awe na hamu au asiwe nayo.

Mimi nilisomea biashara chuoni, lakini somo hili nimelipata kwa mama mboga wetu wa Kondele. Mvua inyeshe, jua liwake, yuko pale. Angekuwa anafungua mara moja kwa mwezi, hata akileta sukuma nzuri namna gani, nani angemtegemea? Mteja humwamini anayepatikana. Na mwenye shida ni hivyo hivyo.

Mnamkumbuka Bruda Peter Tabichi, aliyefundisha hisabati na fizikia shule ya Keriko, kule Njoro? Mwaka 2019 alipewa tuzo ya mwalimu bora duniani huko Dubai, dola milioni 1. Wengi tulishangilia ile milioni. Lakini kabla ya tuzo, mwezi baada ya mwezi, alikuwa akitoa karibu asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia wahitaji. Hakuna kamera iliyokuwa ikimngoja siku ya mshahara.

Mtu ataniuliza, "Pasta, si tutachoka?" Ndiyo, tutachoka. Yesu mwenyewe alijitenga akaomba kabla ya kuendelea na safari (Marko 1:35–38). Kutumika siku zote si kukimbia bila kupumzika. Ni kushika zamu, mmoja akipumzika mwingine anaingia. Ndiyo maana Mungu ametupa kanisa. Wala hatutumiki ili tupate wokovu. Tunatumika kwa sababu Mwana wa Adamu alitutumikia kwanza, akatoa uhai wake (Marko 10:45).

Wiki hii nakuomba mambo matatu. Chagua mtu mmoja: mgonjwa, mjane, au yule jirani wa ploti yenu anayelea wajukuu peke yake. Chagua siku moja ambayo si Jumapili. Kisha mwulize anahitaji nini kabla ya kubeba chochote. Ukiahidi kurudi, rudi. Usipoweza, mpigie mwenzako wa ushirika wa nyumbani aende.

Mimi nimechukua Jumanne. Ukinikosa ofisini, ujue niko wodini.

Tuombe: Bwana Yesu, utusamehe ahadi tulizotoa na kuzisahau. Tupe moyo wa kurudi, hata pale hakuna anayetuona. Katika jina lako, Amina.