Shahamu Kabla ya Maji

Meli Goetzen ilipita kwetu Tabora ikiwa vipande vipande, juu ya gari la moshi. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wadachi waliizamisha wenyewe katika Ziwa Tanganyika. Lakini kwanza waliipaka mitambo yake shahamu nyingi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikasafiri tena kwa jina la Liemba, na mitambo ile ile. Tazameni, chini ya maji chombo hakiwezi kujipaka shahamu. Nao wanawali wapumbavu wa Mathayo 25 walikwenda kutafuta mafuta usiku. Enyi walimu, kijana aliyepata kipaimara juzi anaondoka kwenda mbali kutafuta kazi. Pengine hataingia kanisani miaka minane, kama meli ile. Je, mmempaka nini?