Enyi Wenye Maghorofa ya Kariakoo

Inueni macho! Ndugu zangu mnaopita Kongo na Msimbazi mkikagua bei, tazameni juu ya fremu, juu ya kibao cha duka, mpaka kwenye roshani ya ghorofa ya pili. Mnauona ule mchirizi wa rangi ya kutu kwenye lipu? Humo ndani nondo inaliwa. Bahari imeleta chumvi, kiyoyozi kimedondosha maji palepale mwaka hadi mwaka, na kutu, ambayo hudai nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, inaisukuma zege itoke nje. Huanza ufa kama uzi. Kisha lipu huvimba, na ukiigonga kwa nyundo inaitika kama debe tupu. Halafu siku moja, pasipo mvua wala upepo, kipande kinashuka. Na chini yake kuna nani? Mama lishe na masufuria yake. Kijana wa mkokoteni. Mteja aliyetoka Songea kufunga mzigo.

Nabii Ezekieli, sura ya 13, aliwakemea watu waliojenga ukuta dhaifu kisha wakaupaka chokaa. Na sisi je? Ufa ukionekana, tunaita mpaka rangi badala ya mhandisi! Rangi ikichuja, tunapigilia bango la chuma juu yake, boliti zikizama kwenye ukuta uleule uliochoka. Juu ya paa tunapandisha tangi la lita 5,000, na likijaa maji hizo ni tani 5. Kisha tunapandisha kodi, tunadai na kilemba.

Mmesahau upesi hivi? Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, likaua watu 36. Jirani watoto walikuwa wakicheza. Jumamosi ya 16 Novemba 2024, asubuhi ya biashara, likashuka jengo la ghorofa nne hapahapa Mchikichi na Kongo. Waokoaji walipenyeza maji na oksijeni kwa watu waliokuwa hai chini ya kifusi, wakiita. Zaidi ya watu 20 walikufa. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo, na alifanya vema. Lakini kamati hailali kibarazani kwako. Anayefungua duka chini ya ule ufa kila asubuhi ni wewe.

Utaniambia, hayo yalikuwa majengo mazima, hapa ni lipu tu. Lipu tu! Mwaka 1979 jijini New York kipande kilichobanduka ukutani kilimuua mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akipita njia. Kipande kimoja, mtu mmoja. Mwaka uliofuata jiji likatunga sheria, na hadi leo kila jengo lenye zaidi ya ghorofa sita hukaguliwa kuta zake za nje kila baada ya miaka mitano. (Wapo wenye majengo kule wanaoweka kipaa cha kuwakinga wapita njia, wakakiacha miaka bila kugusa ukuta. Ujanja hauna taifa.)

Wala hatukuhitaji kungoja New York. Mafakihi wa Kihanafi walikwisha kulitolea hukumu zamani: ukuta ukiinamia njia ya watu, mwenyewe akatakiwa aubomoe, akapata muda na asifanye, ukimwangukia mtu dhamana ni yake. Sikilizeni wenye maghorofa: aliyeonywa hana pa kujificha! Hasemi tena ni ajali. Hasemi tena ni kudra. Tumemsingizia Mungu mengi katika mji huu, na huu ufa tusimsingizie.

Mpangaji husema ukuta ni wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba husema mpangaji ndiye aliyetoboa. Kwenye majengo ya mjini yaliyotaifishwa mwaka 1971 mabishano ya nani atengeneze yamezeeka, na roshani hazikungoja yaishe.

Basi wewe mpangaji, usibaki kunung'unika. Mwonye! Piga picha ule ufa na kibao cha mtaa kionekane. Andika barua, weka tarehe, taja roshani ni ya ghorofa ya ngapi. Nakala moja mpe mwenye nyumba mbele ya mashahidi wawili, nyingine peleka serikali ya mtaa, ya tatu kwa mhandisi wa Halmashauri ya Jiji, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakati mnasubiri jibu, zungushieni kamba sehemu ile, mama lishe asogezwe upande wa pili, hata kama dalali atapiga kelele kwamba mnaharibu biashara. Na wewe karani utakayeletewa barua hiyo, usimwambie mtu arudi Jumatatu. Gonga muhuri leo.