Mganga, Mgonjwa na Mkalimani: Je, Wema Watosha Bila Kusikilizana?

Wahenga walinena: tenda wema nenda zako. Methali hii twaifundisha darasani kila mwaka, na wanafunzi huikariri bila taabu. Twawaeleza kwamba mtu atendaye jambo jema asingoje shukrani. Lakini siku moja mwanafunzi wangu mmoja aliinua mkono akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo: "Mwalimu, na yule aliyetendewa wema, yeye hana neno la kusema?"

Swali hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Nataka kulichungua kwa mfano mmoja unaojulikana sana barani kwetu, nao ni kazi ya madaktari wamisionari katika hospitali za mashambani. Sikuchagua mfano huu kwa nia ya kuwasuta watu wa dini, wala kwa nia ya kuwatukuza. Nimeuchagua kwa kuwa hapo wema huonekana kwa macho: kuna mtu aliyeacha kwao, akavuka bahari, akaja kumwosha vidonda mtu asiyemjua. Tukiweza kuupima wema huo kwa haki, twaweza kuupima wowote mwingine.

Naanza na ushuhuda wangu mwenyewe. Nilipokuwa kijana wa shule, huku kwetu magharibi ya Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, nilifanya kibarua wakati wa likizo katika hospitali moja ya misheni. Kazi yangu ilikuwa kufagia na kuteka maji. Siku moja aliletwa mama mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, mwenye kidonda kibaya mguuni. Hakuijua lugha yetu ya hapo. Alijua lugha ya kwao na Kiswahili. Kwa kuwa mimi nilikuwa na Kiswahili kidogo nilichokiokota sokoni, niliitwa niwe mkalimani kati yake na daktari, Mzungu mmoja mpole aliyependwa na wote.

Yule mama aliniambia, "Mwanangu, mwambie moyo wangu haukai." Nami nikamwambia daktari kwamba mama huyu ana ugonjwa wa moyo. Daktari akachukua chombo chake, akausikiliza moyo kifuani na mgongoni, kwa uangalifu mkubwa. Kisha akaniambia nimjulishe mama kwamba moyo wake ni mzima kabisa. Nikamjulisha. Mama akanitazama kitambo, akanyamaza. Usiku wa tatu aliondoka bila kuaga, na kidonda hakijafunga. Baadaye wanawake waliokuwa wakipika uani waliniambia kwamba aliacha watoto wawili wadogo kwa jirani, na jirani mwenyewe alikuwa mgonjwa. Sikupata habari zake tena.

Tazama, msomaji, hapakuwa na mwovu katika kisa hiki. Daktari alitoa ujuzi wote aliokuwa nao. Mimi nilitafsiri neno kwa neno, kama nilivyodhani ndiyo kazi ya mkalimani. Hata hivyo, mgonjwa aliondoka bila kusikiwa. Moyo wake ulisikilizwa kwa chombo, lakini yeye mwenyewe hakusikilizwa.

Sasa tumtazame daktari ambaye jina lake lilivuma kuliko wengi katika kazi hii, Albert Schweitzer. Alizaliwa mwaka 1875 katika jimbo la Alsace, lililokuwa wakati huo chini ya Ujerumani. Alipofikia umri wa miaka 30 alikuwa tayari mwanatheolojia, mwanafalsafa na mpiga kinanda hodari wa muziki wa Bach. Akaviweka kando hivyo vyote, akaingia darasani upya kujifunza udaktari. Mwaka 1913 yeye na mkewe Helene, aliyekuwa amejifunza uuguzi, walifika Lambaréné, kando ya mto Ogooué nchini Gabon, koloni la Ufaransa siku hizo. Chumba chake cha kwanza cha kutibia kilikuwa banda la kuku lililosafishwa.

Mambo mawili katika habari zake yanastahili kukumbukwa na kila anayefikiri juu ya maadili. La kwanza ni kwamba chama cha misheni cha Paris kilikuwa na shaka juu ya mawazo yake ya dini. Kikampokea kwa sharti kwamba atatibu tu, hatahubiri. Naye alikubali. Huko Lambaréné wamisionari wenzake walimwondolea sharti hilo baadaye, lakini jambo lenyewe latufundisha: alikuwa tayari kuja na dawa peke yake, bila mahubiri. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kwake yeye dawa ilikuwa chambo tu, na dini ndiyo ndoana.

La pili ni kwamba hakuiita kazi yake sadaka. Aliona kwamba watu wa Ulaya wamewatendea watu wa makoloni maovu mengi, na kwamba anayekuja kutibu analipa deni. Neno hili ni zito. Mtoa sadaka husimama juu ya anayepokea. Mlipa deni husimama chini ya anayemdai. Laiti wote waliokuja kutusaidia wangalianza na wazo hilo!

Wala hakulipa kidogo. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, yeye na mkewe waliwekwa chini ya ulinzi kwa kuwa walikuwa raia wa Ujerumani, na mwaka 1917 walipelekwa Ufaransa kama wafungwa. Mwaka 1924 alirudi Lambaréné, akaikuta hospitali imekuwa gofu, akaanza tena. Mwaka 1927 aliihamishia mahali pengine penye nafasi kubwa zaidi. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952, fedha zake alizitumia kwa kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Alifariki mwaka 1965 akiwa na miaka 90, akazikwa huko huko. Na hospitali yake aliijenga kwa mfano wa kijiji: mgonjwa alikuja na jamaa zake kwa mtumbwi, nao wakampikia na kulala karibu naye. Wageni kutoka Ulaya walilalamika juu ya moshi na mbuzi, lakini yeye alijua kwamba mgonjwa aliyetengwa na watu wake huongezewa ugonjwa wa pili.

Hata hivyo, daktari huyu hakuzungumza na wagonjwa wake kwa lugha zao, Kigaloa na Kifang. Kati yake na wao alisimama mkalimani. Wa kwanza mashuhuri alikuwa Joseph Azoawani, aliyekuwa zamani mpishi wa Wazungu. Joseph alijua lugha kadhaa, lakini Kifaransa chake alikipata jikoni. Kwa hiyo viungo vya mgonjwa alivitaja kwa majina ya vipande vya nyama ya mchinjaji. Aliyeumwa paja alitajwa kama mwenye maumivu katika paja la kondoo, na mwingine katika mnofu wa mgongo.

Wasomaji wa Ulaya walicheka habari hiyo. Sisi walimu wa lugha yafaa tusicheke upesi. Katika hospitali ile yote, aliyeweza kuwasikia wote wawili, daktari na mgonjwa, alikuwa mpishi asiye na cheti. Maumivu ya mtu, hofu yake na matumaini yake yalipita katika kinywa cha Joseph kabla hayajamfikia mwenye dawa. Ukalimani wake ulikuwa sehemu ya tiba, na pengo lolote ndani yake lilikuwa pengo katika tiba.

Ipo kasoro nyingine iliyoshikamana na hii. Schweitzer aliandika kwamba Mwafrika ni ndugu yake, lakini ni ndugu mdogo. Huenda alidhani anasema jambo la upendo. Lakini tupime neno hilo kwa lugha yetu. Katika Kiswahili ndugu hana ukubwa wala udogo mpaka tumwongezee sifa. Na tukisema "mdogo wangu," twajua kwamba mdogo huyo atakua, ataoa, atajenga, na siku moja kaka atakaa barazani kwake kuomba shauri. Mdogo wa milele hayumo katika ukoo wowote ninaoujua. Maadamu uliamua kwamba mwenzako ni mdogo daima, kwa nini ujifunze lugha yake? Na kwa nini umwandae ashike kisu cha upasuaji baada yako? Katika uhai wa Schweitzer, uganga wa Lambaréné ulibaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa watu kutoka Ulaya. Deni lililipwa, lakini mdai hakuulizwa anadai nini.

Mtu aweza kudhani basi kwamba dawa ya kasoro hii ni kujifunza lugha tu, na mambo yataisha. Historia ya Uganda yatuonya tusiharakishe. Mwaka 1897 Dakta Albert Cook alifika Buganda na kuanzisha hospitali ya Mengo. Yeye alijifunza Kiganda. Aliandika kitabu cha maneno na mazungumzo ya uganga katika lugha hiyo, na yeye na mkewe Katharine wakawafunza wanawake wa hapa ukunga kwa lugha yao wenyewe. Kwa upande huu alimshinda Schweitzer, na wakunga waliotoka mikononi mwao waliwafaa akina mama wengi mno.

Lakini katika miaka ya 1907 na 1908 yeye na madaktari wa serikali ya kikoloni walisadiki kwamba kaswende imewaenea watu wa Buganda kupita kiasi, wakaihusisha na kulegea kwa maadili. Wataalamu wa siku za baadaye wameona kwamba huenda wengi wa wale waliohesabiwa walikuwa na magonjwa yanayofanana na kaswende, kama buba, ambayo hayaambukizwi kwa zinaa. Watu, na hasa wanawake, wakabebeshwa aibu isiyokuwa yao. Daktari aliyajua maneno ya wagonjwa, lakini hukumu ilikuwa imeshakaa moyoni kabla ya maneno hayo kufika masikioni. Kumbe kujua lugha ni kufungua mlango; kusikiliza ni kuingia ndani.

Hapa nasikia pingamizi. Mtu atasema: "Mwenye ngiri iliyokaza, ambaye atakufa kabla ya mapambazuko, hahitaji mazungumzo, anahitaji kisu." Ni kweli kabisa. Wengi walifikishwa Lambaréné katika hali hiyo na wakarudi makwao hai. Atakayesema kwamba wema wa namna hiyo ni bure, na akawaulize watoto wa waliookolewa. Nami siseme hivyo. Nasema tu kwamba kuokolewa usiku mmoja ni jambo moja, na kuheshimiwa kama mtu mwenye akili na shauri ni jambo jingine. Na la kwanza halimwondolei mtu haki ya kudai la pili.

Lugha yetu yenyewe imeyatenga mambo haya. Kutibu ni kazi ya mwenye elimu na dawa. Kuuguza kwatokana na kuugua: anayeuguza hukaa na mwenzake ndani ya kuugua kwake, na ndiyo maana jamaa nzima husema, "Tunauguza nyumbani." Tena kuna kupona. Hata tukisema daktari amemponya mtu, habari haijakamilika mpaka mgonjwa mwenyewe aseme, "Nimepona." Mwenye kutibu ana neno lake, mwenye kuuguza ana lake, lakini neno la mwisho ni la mgonjwa. Yule mama wa ng'ambo alitibiwa. Hakuuguzwa na mtu, maana wa kumuuguza walibaki ng'ambo. Na neno lake la mwisho hatukulipata.

Tusidhani kwamba haya ni ya Wazungu peke yao. Siku hizi hospitali nyingi zilizoanzishwa na wamisionari zinaendeshwa na watoto wa nchi hizi hizi. Hata hivyo, nimewaona wenzetu weusi kama mimi wakisemezana Kiingereza juu ya kitanda cha mzee, huku mzee akigeuza macho kutoka kwa huyu hadi kwa yule, akijaribu kusoma hukumu yake katika nyuso zao. Hapo rangi haina neno. Kosa ni lile lile la kumfanya mtu kuwa kidonda chenye miguu.

Na sisi walimu tunahusika vipi? Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini wagonjwa walikuwa wakivuka mpaka huu kabla ya jumuiya yoyote kuundwa. Wengi wao lugha waliyo nayo ya kumfikia mgeni ni Kiswahili. Yafaa basi darasani tusiishie kwenye ngeli na methali. Tuwafundishe vijana watakaokuwa wauguzi na madaktari kwamba "moyo wangu haukai" si ugonjwa wa moyo, na kwamba mbele ya neno kama hilo swali la kwanza ni: "Mama, una nini? Umemwacha nani nyumbani?" Lau mimi ningalifundishwa hivyo, huenda kidonda kile kingalifunga.

Sasa naweza kumjibu mwanafunzi wangu. Ndiyo, aliyetendewa wema ana neno la kusema, na wema usiongoja neno hilo ni nusu ya wema. Nusu hiyo tusiidharau, maana imeokoa wengi. Lakini tusiiite nzima. Methali yetu haikukosea iliposema nenda zako. Ilitukataza kungoja shukrani. Haikutukataza kungoja jibu.