Behewa na Ngamia

Huko Kinna, katika Isiolo, ngamia huondoka nyumbani na vyombo vitupu, akarudi na maji. Safari yake hupimwa kwa kile anacholeta. Je, reli ya mgodi nayo tuipime kwa nini?

Tazama Kilembe, nchini Uganda. Ndani ya mlima, vibehewa vilipita juu ya reli vikitoa mawe ya shaba, kisha vikarudi vitupu. Reli kubwa ilifika Kasese mwaka wa 1956, na shaba ikapelekwa Jinja kuyeyushwa. Yatupasa kusema kweli: watu walipata kazi, na mji ukakua. Lakini uchimbaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, mabaki yenye sumu yaliachwa kando ya mto Nyamwamba, ambao mafuriko yake yameyachukua na kuyatawanya bondeni.

Kosa si la reli, kwani chuma hakina dhamiri. Kosa ni la mtu ahesabuye mzigo utokao, asihesabu uchafu ubakiao. Basi, ewe msomaji, siku utakapokabidhiwa mali ya nchi, jiulize kwanza: nyumbani kitarudi nini?