Lisemwalo Lipo, na Kama Halipo, Laja: Uvumi na Ghadhabu ya Umma Ituri

Methali isemayo "Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja" aghalabu hutumiwa kuutetea uvumi, kwa hoja kwamba watu hawavumishi jambo lisilo na mzizi. Matumizi hayo yanaishia kwenye nusu yake ya kwanza. Nusu ya pili inakiri jambo zito zaidi: kwamba neno laweza kulitangulia tendo, na kwa kulitangulia huko likalizaa.

Sarufi yenyewe ya methali inafundisha. "Lisemwalo" liko katika kauli ya kutendwa, nayo haimtaji mtenda. Jambo linasemwa, ila msemaji hayupo. "Laja" nalo linalifanya jambo liwe mtenda, kana kwamba linatembea kwa miguu yake bila kubebwa na mtu. Hivyo ndivyo ujumbe wa WhatsApp unavyomfikia mkazi wa Bunia, mji mkuu wa mkoa wa Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: sauti isiyo na jina, au picha isiyo na tarehe, iliyokwisha kupita katika simu nyingi.

Ghadhabu ya umma, yaani hasira inayoshikwa na wengi kwa pamoja huku kila mmoja akiiona kuwa ni yake, haikuletwa Ituri na simu. Vita vya 1999 hadi 2003 kati ya jamii za Wahema na Walendu vilichipuka katika migogoro ya ardhi wilayani Djugu, wakati habari zilipokuwa zikienea kwa redio na kwa midomo ya watu. Anayeulaumu mtandao peke yake, basi, analaumu upepo na kuzisahau kuni. Hata hivyo upepo una kazi yake. Mwezi Juni 2017 padri mmoja Mlendu alifariki, na wengi katika jamii yake walikitilia shaka kifo hicho na kuwanyooshea Wahema kidole. Ilipofika Desemba mwaka huo, Djugu ilikuwa imeanza kuwaka tena. Si kwamba uvumi huo peke yake uliwasha moto, kwani ardhi, silaha na makovu ya zamani vilikuwapo, lakini uliwapa watu sababu moja ya kukasirikia kwa pamoja. Kuanzia hapo "laja" hufanya kazi kwa njia inayoeleweka: kijiji kikisikia kwamba kitashambuliwa, vijana wake hukesha na mapanga, kijiji jirani kikiyaona mapanga hayo, huyachukua kuwa ushahidi wa kile ambacho nacho kimesikia, na hatimaye shambulio linatokea, kila upande ukiapa kwamba ulikuwa umeonywa.

Kumwambia mkazi wa Djugu apuuze kila linalosemwa, hata hivyo, ni ushauri wa mtu anayelala salama. Mwezi Februari 2022 wapiganaji wa kundi la wanamgambo la CODECO waliivamia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo na kuua watu zaidi ya 60. Penye historia ya namna hiyo, asiyesikiliza uvumi anauhatarisha uhai wake. Wala kuziba masikio ya nchi nzima si dawa. Serikali ya Kongo ilipoukata mtandao baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, kwa takriban siku 20, ile ambayo Wakongo huiita redio ya barabarani, yaani habari za mdomo kwa mdomo, haikuzimika. Kilichokatika ni njia ya kuihakiki.

Kanuni ya Kidijitali ya mwezi Machi 2023 ilishika njia nyingine, ikimwadhibu anayeanzisha habari ya uongo dhidi ya mtu na pia anayeisambaza, na kwa hiyo ikajaribu kumrudisha yule mtenda ambaye methali ilimficha. Ugumu unabaki mahali pale pale: sauti iliyokwisha kupita katika simu mia moja ina wasambazaji mia moja, na kila mmoja wao anaweza kuapa, bila kudanganya, kwamba alilikuta likisemwa.